Vifuu ni vilevile, moto ndio tofauti

Swali: "Assalaam aleikum mwalimu, na shikamoo. Mimi na wenzangu wa chama tuko Kisauni, Mombasa. Tunaokota vifuu na makumbi ya madafu, tunavichoma kutengeneza bayochari, yaani mkaa wa kutia kwenye udongo wa bustani. Mara ya kwanza tulichoma ndani ya pipa lililofunikwa, tukaziba tundu moshi ukiwa bado mzito ili mkaa usiteketee. Ulitoka unanuka moshi, unaacha mafuta mkononi, na maji ukiyamwaga juu yake yanasimama matone matone, hayaingii. Mchicha tuliopanda humo haukuota vizuri. Mara ya pili tulichimba shimo la mdomo mpana, tukawasha moto wazi, mwisho tukauzima kwa maji ya kisima. Huo ulitoka mgumu, unalia ukiugonganisha. Tukautia kwenye sukuma wiki, majani machanga yakawa manjano huku mishipa imebaki kijani, na ya chini yakaungua kingo. Upi ndio bayochari ya kweli? Na je, unaweza kuchuja maji ya kisima chetu, yana chumvi na harufu? Kuna kijana ametwambia pia kwamba tunaweza kuuza kaboni."

Jibu: Waaleikum salaam, na marahaba, mwanangu.

Nianze na kisima kwa sababu huko kuna watu wanaokunywa. Chumvi haitoki kwa mkaa, uwe wa pipa, wa shimo, au wa kiwandani. Sodiamu na kloridi zikishayeyuka hukaa ndani ya maji kwa raha zao, na mkaa hauna cha kuzivutia. Hata kaboni amilifu, yaani mkaa wa kiwandani uliofunguliwa matundu mengi, inayouzwa kwa bei ghali na ambayo baadhi yake hutengenezwa kwa vifuu kama hivyo mnavyookota, haipunguzi chumvi. Kisima chenu kina chumvi kwa sababu chini ya matumbawe ya mwambao maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari, na kila mtaa unapozidi kuvuta kwa pampu, ya chini hupanda. Anayewauzia mtungi wa mkaa akisema utaondoa chumvi, mwacheni aende zake.

Harufu ni habari nyingine, na mkaa wa shimo unaweza kuipunguza sana. Lakini harufu ikiisha msidhani maji yamekuwa salama. Kisauni visima na vyoo vya shimo viko jirani mno. Vijidudu mkaa hunasa baadhi tu, na naitreti inayotoka vyooni hupita kana kwamba hakuna kitu. Kwa hiyo maji ya kunywa yachemsheni au yatieni dawa ya klorini, na hiyo dawa itiwe baada ya mchujo, kamwe si kabla, kwa sababu mkaa unaila klorini ikaisha kabla haijaua chochote. Naitreti haitoki kwa kuchemsha, nayo ni hatari kwa watoto wachanga. Kama kuna mtoto mchanga wa maziwa ya kopo nyumbani, maji yake yasitoke kisimani.

Sasa tuje kwenye moto, maana maswali yenu mengine yote jibu lake liko humo.

Mnauliza upi ndio wa kweli. Yote miwili ni ya kweli, ila mmetengeneza vitu viwili tofauti mkaviita jina moja. Kifuu, kama mti wowote, kimejengwa kwa hemiselulosi, selulosi na lignini. Ukikipasha joto penye hewa haba, hemiselulosi huvunjika mwanzo, kati ya nyuzi 200 na 300 za Selsiasi hivi. Selulosi hufuata, na joto likifika karibu 400 nyingi yake imekwisha. Lignini huvunjika polepole kuanzia joto la chini mpaka kupita nyuzi 700. Vifuu vina lignini nyingi, ndiyo maana mkaa wake ni mgumu na mzito kuliko wa makumbi. Kila hatua kitu fulani hutoka kama moshi na kinachobaki hubadilika tabia. Mkisimama kwenye 400 mnapata mkaa wa tabia moja, mkienda hadi 700 mnapata wa nyingine.

Karibu na nyuzi 400 mkaa bado umebeba oksijeni na haidrojeni kwenye uso wake, zikiwa zimejipanga katika vishikizo vidogo vinavyoweza kukamata amonia, kalsiamu, potasiamu, zinki na shaba, kisha kuviachia mizizi ikivihitaji. Hiyo ni sifa njema kwa bustani. Uzito nao ni mwingi: vifuu vikavu vya kilo 100 huweza kuacha theluthi yake. Ubaya ni kwamba matundu ya ndani ni machache na mengi yamezibwa na lami ya moshi. Ni nyumba yenye vyumba tele na milango imekomelewa. Gramu moja ya mkaa wa namna hii huwa na uso usiofika mita za mraba 10 mara nyingi.

Peleka moto hadi 600 au 700. Lami inafukuzwa, kaboni inajipanga upya katika pete zilizoshikana, matundu yanafunguka, na uso wa gramu ile ile unaweza kufika mita za mraba mia kadhaa. Hapo ndipo mkaa unapokuwa hodari wa kunasa harufu, rangi na dawa za wadudu. Lakini vile vishikizo vimeungua, uzito umeshuka kuelekea robo, na asidi za mmea zimeondoka na moshi huku majivu yakibaki na kukolea. Ndiyo maana pH, kipimo cha tindikali ambacho 7 ni katikati na juu yake tindikali haipo, hupanda pamoja na joto. Mkaa wa moto mdogo unaweza kuwa na pH ya 6 au 7, wa moto mkali hufika 9, 10, wakati mwingine zaidi.

Joto peke yake halimalizi hadithi. Kifuu kizima na kifuu kilichovunjwa havipikiki sawa, moyo wa kipande kikubwa hubaki nyuma. Vitu vibichi hula moto wote kwa kukausha maji, na makumbi ya madafu yaliyotupwa jana ni maji matupu, kwa hiyo yaanikeni jua la kutosha kabla ya kuyagusa. Muda nao una nafasi yake, na zaidi ya yote njia ya moshi. Hapo ndipo pipa lenu lilipoharibikiwa.

Mliziba tundu moshi ukiwa mzito. Nawaelewa, wachomaji wa mkaa wa kupikia hufanya hivyo ili wasipoteze. Lakini moshi uliofungiwa hauna pa kwenda. Pipa likipoa unageuka kuwa lami na kurudi kujipaka juu ya mkaa. Mafuta mliyoyaona mkononi ni hayo. Maji yanakataa kuingia kwa sababu hayo hayo. Na mchicha haukuota kwa sababu lami hiyo ina fenoli na asidi zinazoziua mbegu changa. Ndani yake pia huwa kuna zile hidrokaboni nzito za moshi, na baadhi yake zinajulikana kusababisha saratani, kwa hiyo mkaa ule usikaribie maji ya kunywa hata siku moja. Safari nyingine acheni tundu wazi mpaka moshi uwe mwembamba na uishe, ndipo mzibe. Mkiweza, pipa dogo lenye vifuu likae ndani ya kubwa, na moshi wake utokee chini uende kuungua kwenye moto wa nje. Moshi ukiungua mnapata faida mbili, joto la bure na majirani wasiogombana nanyi.

Mkaa huo wa pipa msiutupe. Njia rahisi ni kuurudisha shimoni mnapochoma tena, mkiutandaza juu kidogo kidogo wakati ndimi za moto bado zinawaka. Lami itaungua. Au usagwe, uchanganywe na samadi na majani mabichi katika rundo la mboji, uwe unamwagiwa maji kwa wiki kadhaa. Vijidudu vya mboji huimaliza fenoli hiyo. Kabla ya kuupeleka bustanini pandeni mbegu chache za mchicha kwenye kikopo chenye mchanganyiko huo na nyingine kwenye kikopo cha udongo mtupu. Zikiota sawa, endeleeni.

Shimo lenu lilifanya kazi nzuri kuliko mnavyodhani. Katika shimo la mdomo mpana ndimi za moto zilizo juu hula oksijeni yote kabla haijafika chini, hivyo mkaa uliozama unapikika bila kuteketea, na moshi unaungua humo humo. Joto lake kwa kawaida ni kama 650 hadi 700. Mlio mliousikia ni dalili ya hilo. Dalili nyingine ni mikono: mkaa uliopikika husafika kwa maji matupu, uliobaki na lami hudai sabuni.

Basi mbona sukuma wiki ikaugua? Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu umanjano wa majani una sababu nyingi na kila moja ina dawa yake. Majani ya chini, yale makongwe, yakianza kuwa manjano yote pamoja na mishipa, mmea una njaa ya naitrojeni. Mkaa mpya uliotiwa mkavu huleta njaa hiyo kwa sababu unanasa kilichopo kabla haujashiba. Majani machanga yakiwa manjano huku mishipa imebaki kijani, tatizo ni madini ya chuma, pengine na manganizi. Kingo zikiungua, tafuteni chumvi. Nyinyi mmeniandikia hizo mbili za mwisho, na zote mbili zina historia.

Ya chuma inatokana na ardhi yetu. Kisiwa cha Mombasa na sehemu kubwa ya mwambao imekaa juu ya matumbawe, yaani chokaa. Udongo wa juu yake mara nyingi una pH karibu na 8 hata kabla hujatia kitu. Chuma kimo ndani, lakini kwenye pH hiyo kimejifunga, mizizi haikipati. Mkaa wa moto mkali wenye majivu yake unaongeza tatizo juu ya tatizo. Sifa nyingi mnazosikia kuhusu bayochari zilipatikana kwenye udongo wenye tindikali. Uchambuzi mmoja wa tafiti nyingi uliochapishwa 2017 ulikuta kwamba katika nchi za joto mavuno yalipanda kwa wastani wa asilimia 25, huku katika nchi za baridi kiasi yasipande, na sababu kubwa ni kwamba udongo wa tropiki mara nyingi una tindikali na hauna rutuba, mkaa ukaufanyia kazi ya chokaa. Nyinyi chokaa mnayo chini ya miguu. Shamba la Shimba Hills, penye mchanga uliooshwa na mvua, lingeufurahia mkaa wenu wa shimo. Kisauni haina haja ya hiyo pH.

Ya chumvi mliileta wenyewe kwenye ndoo, na pia kwenye makumbi. Mkaa wa moto ukimwagiwa maji huyavuta hadi kwenye matundu yake. Maji yakikauka, chumvi ya kisima inabaki humo. Zimeni kwa maji ya mvua au ya bomba. Maji yakiwa ya shida, funikeni kwa udongo au bati mpaka moto ufe, ingawa hapo majivu yatakuwa mengi zaidi. Na makumbi, tofauti na vifuu, yamejaa potasiamu na kloridi, hasa ya minazi iliyo karibu na bahari. Vifuu huacha majivu machache sana. Kwa hiyo msiyachome pamoja. Makumbi yalowesheni kwanza kwenye maji baridi siku kadhaa, mmwage, myaanike. Mbao zilizookotwa ufuoni, mbao za rangi na nguzo zilizotiwa dawa msizitie kabisa. Chumvi ya bahari na dawa za mbao zikiungua hutoa sumu ambazo mboji haiziwezi. Mikoko sitaki hata kuisikia.

Huo mkaa wa shimo uliokwisha tengenezwa usuuzeni kwa maji ya mvua mara mbili au tatu, na maji ya suuzo yamwagwe mbali na bustani. Baadaye usagwe uwe mdogo kama mchele au chini yake. Changanyeni sehemu moja ya mkaa na sehemu tisa za mboji, au kama mna banda la kuku uwe matandiko kwanza, ushibe naitrojeni hapo, ndipo uingie kwenye mboji. Kiasi cha nusu kilo hadi kilo moja ya mkaa kwa mita moja ya mraba kinatosha, na msirudie kila msimu, kwa sababu hauozi. Sukuma wiki iliyo manjano sasa inyunyizieni juu ya majani yake mbolea yenye chuma; kuushusha udongo wa matumbawe pH yake ni kazi isiyoisha, chokaa inajirudisha.

Kwa kweli faida kubwa ya mkaa kwenu sioni kwenye rutuba, naiona kwenye maji. Kichanga cha pwani hakishiki maji. Unamwagilia asubuhi, adhuhuri pamekauka. Mkaa uliosagwa vizuri na usio na lami hukaa katikati ya punje za mchanga na kubakisha maji ambayo yangezama moja kwa moja. Kwa bustani ya kichanga ningechoma vifuu kwenye joto la kati, nyuzi 450 hadi 550, moshi ukitoka kwa uhuru: lami imekwisha, vishikizo vingine bado vipo, na majivu hayajakolea mno. Pipa ndani ya pipa, likisimamiwa, hufika hapo. Shimo liachieni mkaa wa kuchujia.

Kuhusu kuchuja, moto huo huo unaamua. Rangi za nguo na dawa za wadudu hunaswa na mkaa wa vifuu wa nyuzi 700. Amonia hupenda zaidi mkaa wa moto mdogo, fosforasi haishikwi vizuri mpaka mkaa uwe na magnesiamu, kalsiamu au chuma juu yake. Floridi inataka mkaa wa mifupa, na huo hutumika huko Bonde la Ufa ambako floridi ndiyo shida. Hapa kwetu tusijisumbue nayo. Metali nzito, kama risasi, hushikwa na vishikizo vya joto la chini na la kati, na pia na fosfeti na kaboneti zilizo kwenye majivu, kwa hiyo mkaa wa samadi ya kuku mara nyingi huushinda ule mzuri wa vifuu.

Nimetaja risasi kwa makusudi, kwa sababu kila nikizungumzia mkaa Mombasa mtu huniuliza kuhusu Owino Uhuru, kule Mikindani, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliacha risasi kwenye udongo na kwenye damu za watoto, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mkaa unaweza kuifunga risasi ili mizizi isiinyonye kirahisi. Hauiondoi. Mtoto anayechezea vumbi la pale na kutia vidole mdomoni atakuwa amemeza risasi na mkaa pamoja. Udongo wa namna hiyo huondolewa au kufunikwa, na mtu asiwauzie watu wa pale gunia la mkaa kama tiba.

Limebaki la kijana wa kaboni. Hakusema uongo, ila kakata maneno. Kinachouzwa ni uhakika kwamba kaboni itakaa ardhini, na uhakika huo pia unatokana na moto. Mwongozo wa 2019 wa IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, unakadiria kwamba baada ya miaka 100 mkaa uliopikwa kati ya nyuzi 350 na 450 utakuwa umebakiza asilimia 65 ya kaboni yake, wa 450 hadi 600 asilimia 80, na wa zaidi ya 600 asilimia 89. Mnunuzi hatachukua neno lenu. Atataka kipimo cha maabara cha uwiano wa haidrojeni kwa kaboni, ambao viwango vya kimataifa vinautaka usipite 0.7, na chini ya 0.4 ndio wa kudumu zaidi. Atataka pia rekodi ya kila gunia lilikotoka na shamba lilikoingia, na ushahidi kwamba moshi uliungua, kwa sababu methani, gesi inayopasha dunia joto, ikitoroka kwenye moshi inaweza kula faida yote ya tabianchi mliyodhani mnaiuza.

Kikundi cha pipa mbili na shimo moja gharama za vipimo hivyo zitakimeza. Mkijiunga na vikundi vingine vya Kisauni, Mtopanga na hata Mtwapa mkawa na tani kadhaa kwa mwezi, hesabu inabadilika, na hapo andikeni tangu siku ya kwanza: uzito wa vifuu vikavu, uzito wa mkaa, saa ya kuwasha na ya kuzima. Kijana akija na karatasi ya kutia sahihi, muulizeni kwanza nani analipia maabara, na mapato yanagawanywa kwa asilimia ngapi. Msitie sahihi kabla hajawajibu kwa maandishi.